Mke wa Kinyozi na Kioo cha Roketi

Nimekuwa kinyozi kwa miaka thelathini na mmoja, na katika hiyo, ishirini na miwili nimeishi na mwanamke aliyenikataza kunukia. Naomba msomaji alipime jambo hili kabla ya kunicheka. Kinyozi asiyenukia huanza kutiliwa shaka na wateja. Dukani kwangu kuna mafuta ya nywele ya aina tisa, poda ya shingoni, manukato ya kupuliza baada ya kunyoa ndevu, na losheni ya nazi ambayo wateja wengine hujipaka hadi viwikoni wakidhani sioni. Vyote hivyo mwisho wake ulikuwa uani kwangu. Pale karibu na bomba kulikuwa na msumari wa kutundika shati la kazi, ndoo, na kipande cha sabuni nyeupe isiyo na harufu. Navua, naoga, navaa nguo nyingine, ndipo nafunguliwa mlango. Kila jioni majirani walimwona mtu mzima anaogea nje kama mtoto aliyetoka kuchezea matope, wakahitimisha kwamba kinyozi ametawaliwa.

Hawakukosea, ila hawakujua natawaliwa na nani. Mke wangu sikumwogopa kiasi hicho. Niliogopa kioo.

Mke wangu alikuwa fundi wa vioo katika taasisi ya anga iliyoko juu ya kilima nje ya mji. Taasisi hiyo ilirusha roketi ndogo zilizobeba darubini, na kioo kikubwa cha darubini, chenye upana wa sinia la kulia watu sita, kilikuwa chini ya mikono yake. Alinieleza kazi yenyewe mara nyingi, tena kwa subira, maana mimi nilikuwa nauliza yaleyale. Alisema kati ya nyota hakuna utupu mtupu, kuna vumbi limetanda. Mwanga wa nyota unalipiga vumbi hilo na kusambaa, na sehemu yake kubwa ni urujuanimno, mwanga ulio ng'ambo ya zambarau ambao jicho la mtu haliuoni. Kwa hiyo mbingu nzima inang'aa hafifu kwa mwanga usio wa nyota yoyote. Wakubwa wa taasisi walikuwa wanauchorea ramani, kipande kwa kipande. Tatizo ni kwamba hewa tunayovuta inauzuia mwanga huo usitufikie, ndiyo maana darubini lazima ipandishwe juu ya hewa. Roketi inapanda, darubini inatazama kwa dakika tano na nusu, kisha inashuka na mwavuli.

"Miaka mitatu ya maandalizi kwa dakika tano na nusu," nilimwambia. "Mimi kwa muda huo sijamaliza hata upande mmoja wa kichwa."

Akasema ndiyo sababu yeye hanyoi watu.

Basi mwanga huo una adui mmoja mkubwa, naye ni mafuta. Alama ya kidole, moshi wa kukaangia, hata manukato, kwa kuwa harufu ni kitu kinachoelea na mwisho wake hutua mahali. Utando ukitua kwenye kioo, wewe unaona kioo kinang'aa vizuri na kope zako unaweza kuzihesabu ndani yake. Lakini kwa urujuanimno hicho ni ukuta. Kwa hiyo mke wangu hakujipaka mafuta, hakujipulizia kitu, hakukaanga, na nguo zake zilifuliwa peke yake kwa maji matupu mara mbili. Ngozi yake ilipauka hadi watu wa mtaani wakambatiza Mama Mpauko. Mama yangu mzazi alinihukumu mimi. Alisema nina duka zima la mafuta na mke wangu amekauka, mkono wa birika gani huo. Binti yetu alipoolewa, roketi ilikuwa inaruka wiki iliyofuata, na picha za harusi zipo mpaka leo: watu wote wanameremeta, mama wa bibi harusi amepauka katikati yao, na anacheka kuliko wote.

Yeye hakujali. Alikuwa na fahari moja tu, na ilikuwa kwenye faili. Kila mwaka taasisi iliandika ripoti ya vioo, na ndani yake palikuwa na mstari usemao: Alama za vidole: hakuna. Miaka ishirini na miwili, safari kumi na moja za roketi, mstari ni uleule. Hakuwa mtu wa kujipiga kifua, lakini kila ripoti ilipotoka aliniambia, "Wameandika tena," na mimi nilijua ameandikiwa nini.

Sasa kuna kitu kimoja cha kazi yake ambacho lazima nikieleze, maana mambo yote yalikwama hapo. Kioo kikubwa hakipimwi ovyo. Kukitoa na kukiweka kwenye mashine ni hatari, na kanuni inakataza. Badala yake, kando ya kioo kikubwa hukaa kipande kidogo cha kioo cha aina ileile, ukubwa wa kiberiti, wanakiita shahidi. Kioo kikubwa kikienda huku, shahidi anakwenda naye. Kikikaa kwenye vumbi, naye anakaa. Kabla ya roketi kuruka anapimwa shahidi. Akiwa safi, kioo kikubwa nacho kinahesabiwa safi. Akiwa mchafu hata kidogo, hapo ndipo kanuni inaruhusu kifuniko kifunguliwe na kioo chenyewe kipimwe. Mpango mzuri sana, kwa sharti kwamba shahidi awepo kwenye tukio.

Mwaka wake wa mwisho kazini ilibaki roketi moja na kipande kimoja cha mbingu ili ramani ikamilike. Ndipo taasisi ikapata mgeni wa heshima.

Maandalizi yalikabidhiwa Ofisa Itifaki, bwana mmoja mwenye suti tatu na viatu ambavyo ungeweza kujichania nywele ukivitazama. Namjua vizuri. Kila Jumamosi alikuja dukani kwangu kunyolewa kipara, na hakuondoka mpaka nimempaka mafuta kichwa kizima na kukisugua kwa kitambaa. "King'ae, fundi," alikuwa akisema. "Mtu akikuangalia aone kazi." Hakujua kwamba Mama Mpauko ni mke wangu. Mke wangu hakuwahi kukanyaga dukani, kwa sababu mnazozijua, na bwana huyu alikariri wake wa wakubwa tu.

Itifaki ilifanya mambo manne kwa siku moja. Iliagiza kioo kitolewe kwenye chumba safi na kuwekwa ukumbini juu ya meza yenye kitambaa cha bluu, ili mgeni ajione. Ilimpa mke wangu mapumziko, kwa maelezo kwamba waliopangwa kwenye picha wametosha. Binti mmoja wa mapokezi alimnong'oneza ukweli: walisema mikono yake ingeleta picha mbaya. Mke wangu akaacha karatasi mezani yenye maandishi makubwa, KISIGUSWE, akarudi nyumbani akafua mapazia. Mambo mawili yaliyobaki hakuyaona, na mimi niliyasikia Jumamosi.

Bwana Itifaki alikaa kitini akiwa na furaha ya mtu aliyesifiwa. Nilikuwa nimeshamtia povu kichwa kizima alipoanza kumwaga mtama. Mgeni alifurahi sana, alisema. Alijitazama kwenye kioo akarekebisha tai. Lakini fundi, we acha tu, asubuhi ile kioo kilikuwa na vumbi. Nusu saa kabla ya msafara. Akachukua ile dawa ya kupuliza ya kung'arishia meza, yenye harufu ya limau, akakipuliza chote na kukisugua kwa kitambaa laini mpaka kikang'aa kama kichwa chake. Na pale kando kulikuwa na kigae cha kioo kimeachwa, kinaharibu meza, akakitupia kwenye droo. Baada ya hafla akakirudisha mahali pake, maana yeye ni mtu wa mpangilio.

Wembe ulikuwa juu ya sikio lake la kushoto. Namshukuru Mungu kwa mazoea ya mkono, kwa sababu akili haikuwepo. Niliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama pale mezani hapakuwa na maandishi yoyote.

"Yalikuwepo," alisema. "Kisiguswe. Na mimi sikukigusa, nilitumia kitambaa."

Jioni hiyo nilioga nikamwambia mke wangu yote. Akakaa chini. Hakulia. Alisema alikuwa amesikia limau kando ya kifuniko tangu Jumatatu, akajiambia ni pua yake. Nikamfariji, nikasema basi, roketi itaruka, hawataona kitu, watagundua kosa.

"Ingekuwa hivyo nisingeumia," alisema. "Kinaakisi kidogo, kwa hiyo wataona kidogo. Hawatajua kwamba hawajaona. Watachora pale giza na kuandika kwamba huko hakuna vumbi, na watoto watasoma hivyo shuleni. Na hakuna roketi nyingine ya kwenda kuhakikisha."

Nikaelewa siku hiyo alikuwa analinda nini miaka yote. Nilikuwa nimedhani ni kioo.

Jumatano alifika mbele ya Kamati ya Utayari. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti, naye alikuwa mtu mpole aliyeogopa vitu viwili, mvua siku ya kurusha na barua yoyote inayoanza na neno "eleza". Mke wangu akasema kioo kimepakwa dawa ya meza. Wakauliza ameona? Hakuona. Ana ushahidi gani? Harufu. Katibu akataka kujua harufu ya limau inaandikwa katika kipimo gani. Kisha mashine ikampima shahidi mbele yao, na shahidi alikuwa safi kuliko siku aliyotengenezwa. Kulala kwenye droo kulimfaa. Mke wangu akasema shahidi hakuwepo. Wakauliza nani kasema. Akasema ofisa mwenyewe alimwambia mumewe. Mume wako ni nani? Kinyozi wake.

Bwana Itifaki alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaapa kwamba vidole vyake havijawahi kugusa kioo kile. Hakusema uongo hata kidogo. Kamati ikashusha pumzi. Kwenye kumbukumbu za kikao, ambazo nimezisoma kwa macho yangu, pameandikwa: "Kamati ilitambua mchango wa kinyozi na kuendelea na ajenda inayofuata." Ajenda iliyofuata ilikuwa rangi ya kofia za wageni siku ya kurusha.

Alirudi nyumbani, na siku tatu zile hakununa. Alikuwa anahesabu.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua duka, aliingia kwa mlango wa nyuma. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, mara ya kwanza. Akazungusha macho kwenye rafu akisoma vibandiko polepole kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani ugenini, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Lipi zito kuliko yote?" aliuliza.

Nikamwonyesha lile la ndevu. Akanyoosha kidole gumba cha kulia.

"Paka."

Nilijua papo hapo anakwenda kufanya nini. Shahidi akichafuka, kifuniko kinafunguliwa, na kioo chenyewe kitajisemea. Hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki, na ilikuwa inapita juu ya jina lake. Nilimkumbusha kwamba chumbani mle anaingia yeye tu. Nikamwambia anajua wataandika nini kwenye faili.

"Najua," alisema. "Na mimi nimefikiria kuacha. Kisha nikajiona mzee, nimekaa kibarazani, mstari wangu uko safi na ile ramani ni ya uongo. Paka, baba, nisichelewe."

Nikapaka. Nimepaka maelfu ya vichwa katika maisha yangu, lakini kidole cha mke wangu kilikuwa cha kwanza. Ngozi ya kidole kile ilikuwa kavu hata ikanywa mafuta mara mbili kabla ya kukubali kung'aa. Aliondoka ameshikilia gumba mbali na vidole vingine, barabara nzima, na waliompita wakadhani ameungua.

Saa nne shahidi alipimwa, akakutwa mchafu. Mkurugenzi akatoa macho. Kanuni ni kanuni, kifuniko kikafunguliwa, kioo kikubwa kikapimwa chenyewe, na mashine ikasema kwamba katika kila sehemu kumi za urujuanimno kilikuwa kinarudisha moja. Kama wangerusha wiki ile, wangekuwa wamerusha meza. Roketi ikaahirishwa. Kioo kikavuliwa alumini yake yote, ile ngozi nyembamba inayoakisi mwanga, na kupakwa upya ndani ya tangi lisilo na hewa, kazi ya miezi miwili, na mke wangu aliwaelekeza vijana wa zamu kwa ishara akiwa nje ya dirisha, kwa sababu yeye alikuwa tayari amezuiwa kuingia.

Maana uchunguzi ulikuwa umeundwa. Hakuficha kitu. Aliwaambia kidole ni chake, alikibonyeza kwa makusudi, na sababu ni hii. Wachunguzi waliandika nusu ya kwanza, kwa sababu ilikuwa na picha. Nusu ya pili ilikuwa ni maneno. Wakakubaliana kwamba aliyechafua kidogo ndiye aliyechafua kikubwa, na kwamba amechoka, na miezi minane kabla ya kustaafu wakamrudisha nyumbani na barua. Mwenyekiti wa kikao hicho alikuwa Bwana Itifaki, aliyeteuliwa kutokana na uzoefu wake katika masuala ya usafi.

Ripoti ya mwaka ule ilipotoka, hakusema "wameandika tena." Binti yetu ndiye aliyenisomea. Alama za vidole: moja.

Nilikasirika, na bado nimekasirika, sioni haya kusema. Jumamosi iliyofuata bwana yule alikuja kama kawaida. Ndiyo, nilimnyoa. Wembe ni amana, siwezi kuuchezea. Lakini alipoinamisha kichwa akisubiri kusuguliwa, nilimwambia mafuta yamekwisha. Akanyoosha kidole kwenye rafu, akasema naona aina tisa pale. Nikamwambia zote tisa zimekwisha. Akatoka kwenye jua na kichwa kimepauka, na nikasimama mlangoni nikamtazama mpaka akakata kona. Hicho ndicho kisasi chote nilichoweza.

Roketi iliruka miezi mitatu baadaye, giza lilipoanza kuingia. Mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Tukasikia ngurumo ile kutoka kilimani, na nuru ikapanda. Aliendelea kukunja shuka, lakini niliona midomo yake inahesabu. Alipomaliza dakika tano na nusu alisema, "Haya, imetosha," akaingia ndani na kapu.

Siku hizi anajipaka mafuta. Mimi ndiye ninayempaka, kila asubuhi, mikono na miguu, na anachagua manukato kwa ushindani hadi majirani wamelalamika. Jina la Mama Mpauko limebaki bila mwenyewe. Nilikuwa nimelisubiri jambo hili miaka ishirini na miwili, na sikujua lingekuja kwa njia hii.

Juzi Bwana Itifaki aliniletea zawadi dukani, kalenda ya taasisi. Amenisamehe, inaonekana. Ukurasa wa nyuma una picha ya mgeni wa heshima amejiinamia kwenye kioo, anarekebisha tai, na chini yake shukrani kwa majina kumi na saba, la ofisa likiwemo. Mbele ndiyo ramani yenyewe, mbingu nzima, kamili.

Niliipeleka nyumbani. Nilioga kwanza pale kwenye bomba, kwa sabuni ileile nyeupe. Hakuna anayenidai tena, mwili umezoea tu. Nilimkuta sebuleni, nilikuwa nimeshampaka mafuta asubuhi na amejiongeza mwenyewe mchana. Nikaitandaza kalenda mezani. Ukurasa wa shukrani hakuufunua. Alivaa miwani akatafuta pembe ya juu kulia, kipande cha mwisho, pale palipokuwa panaelekea kuwa giza. Palikuwa pamejaa. Vumbi limetanda pale kwa mawingu na nyuzi, linang'aa hafifu, moja linaingia ndani ya lingine.

Alisogeza kidole karibu, akakifuatisha wingu moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kugusa.

"Gusa," nilimwambia. "Ni karatasi tu hiyo."

"Nina mafuta," alisema. "Nishikie wewe, mikono yako ni safi."

Nikamshikia, kwa pembe, mpaka akamaliza kuangalia.